Matuta Niliyoyaacha kwa Mume

Mama zangu, shikamooni. Na nyie dada zangu, poleni na shughuli. Mniwie radhi, mimi nitasema nimesimama, nikikaa maneno yananikwama.

Niliolewa baada ya Noeli, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila kijana wa hapa Sumbawanga akataka kuwa mfanyabiashara. Mume wangu, jina lake silitaji, alikuwa anashinda Kasesya mpakani, anavusha sukari na vitenge. Mimi akaniachia shamba. Nililima, jamani! Mvua mgongoni, nafyeka majani, nayafukia kwenye matuta. Sisi wa huku tunajua: tuta la majani unalipiga mwaka huu, ulezi wake unauvuna mwaka unaofuata.

Kabla ya Pasaka akarudi, akasema hanitaki. Basi. Nikarudi Malangali kwa kaka, nikakuta kipande changu cha shamba ameshapewa mtu mwingine. Ndugu zangu, nawaambia, sikutulia. Sufuria safi naiosha tena, natoka barabarani, narudi ndani, natoka. Wifi yangu akasema, "Wifi, kaa basi, unanitia kizunguzungu." Nitakaaje, na mwaka mzima uko mbele yangu sina chakula?

Nikaenda baraza la usuluhishi la kata kudai matunzo. Mnacheka? Na wao walicheka. Mume wangu akasimama na shati lake jipya.

"Mwenyekiti, huyu hata mlango wa nyumba yangu hajauzoea. Nimlishe kwa lipi?"

"Kwa matuta niliyopiga!"

"Yale aliyapiga mama yangu mwaka jana."

Hasira zilinipanda. Nikasema twendeni shambani, sasa hivi. Mama mmoja, mjumbe wa baraza, akawa wa kwanza kuinuka. Tulipofika akaazima jembe, akapasua tuta. Ndani majani yalikuwa na rangi yake bado, hayajaoza. Ya mwaka jana yangeshakuwa udongo. Akamgeukia mume wangu.

"Mwanangu, hili hata mtoto wa Kifipa humdanganyi."

Shauri likafika mahakama ya mwanzo, na mama yule akaja kueleza alichokiona. Hakimu akaamuru nipewe mahindi ya kula mpaka mavuno, na ulezi wa shamba lile niuvune mimi. Mume wangu alitoa huku amenuna, lakini alitoa.

Namshukuru mama yule, Mungu ampumzishe kwa amani. Namshukuru wifi yangu kwa kunivumilia, maana nilikuwa msumbufu kweli. Nilichojifunza ni hiki: wakikuuliza ulikaa kwa mume muda gani, wewe waeleze ulifanya kazi gani kule.

Yupo hapa mmoja aliyerudishwa kwao juzi. Anaona aibu kudai kwa sababu ndoa yenyewe haikufika mbali. Simtaji. Dada, kesho asubuhi napita kwenu, tunakwenda wote barazani. Nikukute umeshavaa viatu.