Wakili Aliyepelekwa Semina

Basi la Nausori kwenda Suva, kule Fiji, lilikuwa likijikokota kwenye foleni. Mbele yangu Mama Vasiti, mwanamke wa mwili na sauti, alikuwa akimsimulia mzee Ramesar aliyeketi kando yake, ambaye hakumjua kabla ya safari hiyo.

"Siku ya kesi ya shamba la marehemu mume wangu, wakili hakutokea. Kesi ikatupwa. Nikamshtaki kwenye tume inayosimamia mawakili."

"Wakamfanya nini?"

"Wakampeleka semina ya maadili, kwenye hoteli ya ufukweni. Chakula juu yao!"

Mzee alicheka hadi akakohoa. "Adhabu hiyo hata mimi naiomba! Anaitwa nani huyo bwana?"

"Sukhnandan."

Kicheko kilikatika. Mzee akatazama dirishani, kisha akasema kwa upole, "Lakini mama, binadamu husahau."

"Chakula cha semina alikisahau? Wamfute uwakili kabisa!"

"Usiseme hivyo, tafadhali. Akifutwa, wateja wake watakwenda wapi?"

Alimtetea kama mwanawe wa kumzaa. Mama Vasiti akamkazia macho. "Mzee wangu, unakwenda wapi asubuhi hii?"

"Mahakamani," akajibu taratibu. "Wanataka kunitoa kwenye nyumba yangu. Sukhnandan ndiye wakili wangu."

"Mpigie simu. Sasa hivi."

Akapiga. Simu iliita hadi ikakatika. Abiria wote tulitega masikio, hata wale waliojifanya wamelala.

Basi likasimama karibu na mahakama. Mzee akainuka, akashika mlango, akageuka.

"Haya, mama, wamfute," akasema. "Lakini iwe kesho."