Ciril Mlakar na Majibu ya Mlima Javornik

Baada ya miaka thelathini na minne ya kulinda wanyama wa misitu yetu, Ciril Mlakar anastaafu tarehe 30 Septemba. Ofisi itapoa. Nani tena atafanya mazoezi ya kulia kama mbwa mwitu chooni?

Maana hiyo ndiyo kazi aliyoimudu kuliko wote. Kila Agosti, jua likizama, tunapanda vilimani, tunaiga mlio wao, kisha tunatega sikio. Wakijibu watoto, tunajua wamezaa. Mwaka mmoja Ciril alijibiwa vizuri mno hata akatununulia mvinyo sote. Kumbe aliyemjibu ni Štefan wetu wa ofisini, kutoka kilima cha pili, naye akisherehekea kivyake, akidhani amejibiwa na mbwa mwitu.

Lakini moyo wake ulikuwa Javornik, mlima wa kwao, ambako mbwa mwitu wa mwisho aliuawa kabla hajazaliwa. Alitamani kuwasikia huko kabla ya kustaafu, basi. Akahangaika mpaka dume na jike wakaletwa na kuachiwa pale. Wafugaji walipoomba kibali cha kuwaua, alisimama mahakamani kuitetea sheria inayowalinda, tukashinda. Kijijini hakuna aliyemmiminia glasi hata moja. Jirani yake Terezija, mwenye kondoo, alimwambia mbele za watu: "Wakigusa kondoo wangu, Ciril, nitakufunga wewe zizini, ubweke mpaka asubuhi!" Ciril akampelekea mbwa wawili wa kulinda kundi, akamjengea na uzio kwa mikono yake.

Miaka mitatu mlima ulikuwa kimya. Agosti hii tulipanda naye mara ya mwisho. Terezija alitufuata, eti anakuja kutucheka. Ciril akatoa mlio wake mrefu, na mara bondeni wakajibu watoto, sauti nyembamba zikipishana. Tulimgeukia kwa furaha. Bado alikuwa ametega sikio, anangoja. Umri umeyanyang'anya masikio yake sauti zote nyembamba, wala hakuwa amemwambia mtu. Tuliumia sana.

Terezija ndiye aliyemshika mkono. "Wanajibu, we mzee! Watoto!"

"Wangapi?"

"Hebu nyamaza nihesabu." Akamkunja vidole, kimoja kimoja, mpaka vinne.

Ahsante, Ciril, kwa yote. Pumzika, ule vizuri, uishi kwa amani. Agosti ijayo Terezija atakupitia nyumbani. Wewe utawaita, sisi tutakusikilizia.