Fintan Scahill na Wimbo Aliotunyima

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, Mwalimu Fintan Scahill atafunga kabati la ala za muziki la Shule ya Sekondari ya Kilbrannock, atamkabidhi ufunguo mkuu wetu, Bi. Attracta Durkan, kisha atakwenda zake nyumbani. Atakuwa ameitumikia shule hii miaka thelathini na saba kasoro miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu ameniomba niitaje, kwa sababu hapendi kusifiwa kwa kazi ambayo hakuifanya.

Mimi, Enda Tarpey, nimepewa heshima ya kuandika wasifu wake kwa sababu mbili. Kwanza, karakana yangu ya useremala inapakana na chumba chake cha muziki, na hakuna mtu aliyezivumilia fidla za kidato cha kwanza kuliko mimi. Pili, nimekuwa mpiga ngoma wa bendi yake tangu mwaka 1989. Ipo na sababu ya tatu, nitaifikia, ingawa sina haraka nayo.

Fintan alizaliwa Doonavar, kilomita kumi na moja kutoka hapa, ng'ambo ya ziwa, mtoto wa Malachy Scahill mfugaji wa kondoo. Alifika kwetu Septemba 1988 na mandolini moja na tai moja, tai ile ile mtakayoiona Ijumaa. Alikuta filimbi nne za bati na piano ambayo sauti zake za chini zilikuwa zimekufa. Leo kabati lina ala zaidi ya sitini, na kikundi cha wanafunzi kimeshinda mashindano ya mkoa mara mbili. Mara ya tatu kilishika nafasi ya pili, na hadi leo Fintan hasalimiani na jaji mmoja wa Sligo.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa moja tu. Mtoto alijifunza kwanza tuni ya bibi yake, yaani lahani ya zamani, polepole, bila umeme, mpaka aweze kuicheza huku anafikiria chakula cha mchana. Hapo ndipo Fintan alipochomeka gitaa na kuniita nije na ngoma. Aliamini kwamba roki haiharibu muziki wa asili, bali inaupa miguu ya kutoka nje ya parokia. Lakini anayeanza na umeme kabla ya tuni, huyo anapiga kelele tu. Mwaka 1996 askofu alipokuja kubariki ukumbi mpya, umeme ulikatika katikati ya wimbo. Watoto waliendelea na fidla na filimbi kama vile hakuna kilichotokea. Askofu alidhani ndivyo ilivyopangwa, akatusifu kwa unyenyekevu.

Watoto wakimuuliza tuni fulani ni ya nani, alikuwa na jibu lake: wimbo hauna mwenyewe, lakini una kwao. Naomba mkumbuke maneno hayo.

Sasa nije kwenye mpira, na hapa naandika hasa kwa ajili ya mwalimu wetu mpya wa Kifaransa, Bi. Sorcha, aliyekulia Dublin na anayedhani klabu ni kama kampuni ya simu, ukichoka unahama. Mpira wetu wa Kigaeli, wa mikono na miguu, hauna mshahara wala usajili wa mbwembwe. Unaichezea parokia uliyozaliwa. Ukihama, unahamisha nguo na vyombo, moyo unauacha. Mkataa kwao ni mtumwa, na Fintan hakuwahi kukataa kwao hata kwa dakika moja.

Kila Jumapili Kilbrannock ilipocheza nyumbani, Fintan alikuja, maana nusu ya wachezaji walikuwa wanafunzi wake. Lakini alisimama kwenye tuta la wageni, upande wa kiwanda cha maziwa. Zipo siku wageni hawakuleta mashabiki kabisa, naye akasimama pale peke yake kwenye mvua, na chupa yake ya chai. Msidhani tulimwonea huruma. Tulimzomea kwa miaka thelathini na saba, naye alituinulia kikombe.

Chanzo cha yote ni fainali ya kaunti ya mwaka 1983, iliyochezwa Castlebar. Doonavar waliifunga Kilbrannock kwa pointi moja. Dakika ya mwisho, kijana mmoja wa Kilbrannock alipata mpira mbele ya goli, hana mtu wa kumzuia, apige tu juu ya mwamba wa goli, ambayo kwetu ni pointi moja, asawazishe. Aliupiga pembeni ukaenda kutua kwenye bustani ya kabichi ya masista. Kijana huyo alikuwa mimi. Hiyo ndiyo sababu ya tatu.

Fintan alikuwa na miaka ishirini. Kabla wiki haijaisha alikuwa ametunga wimbo wa ushindi wenye beti nne, na ubeti wa tatu wote ni wangu, na jina langu, na kabichi. Doonavar walipita katikati ya mji wetu juu ya trela ya trekta, wakiwa na kombe, na watu wa kwetu wakamtaka aimbe hicho alichotunga kama ni mwanaume. Fintan alisimama juu ya trela akajibu kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia:

"Huu wimbo mtausikia hapa kwenu siku Doonavar itakapokufa. Kabla ya hapo, msahau."

Baba yake, mzee Malachy, alimshika mkono kuyafanya maneno hayo yawe kiapo. Watu walicheka. Hata mimi nilicheka kidogo, ingawa siku hiyo sikuwa na mengi ya kuchekea.

Sasa oneni mambo ya dunia. Wimbo ule ndio ulioipa jina bendi yetu, Gráinneog, yaani kalunguyeye kwa Kiayalandi, yule wa kwenye kabichi za ubeti wa tatu. Tumeupiga Hamburg na Lorient. Tumeupiga Boston, mbele ya watoto wa wahamiaji waliolilia kijiji ambacho hawajawahi kukiona. Nimepiga ngoma kwa moyo wangu wote huku ukumbi mzima ukiimba jinsi nilivyokosa. Lakini Kilbrannock, mahali tunapoishi na kufanyia mazoezi, hatukuupiga hata mara moja. Mwaka 2006 bibi harusi mmoja wa hapa hapa alimwomba Fintan kwa machozi. Fintan alimpa suluhisho: harusi nzima ilitembea hadi kwenye mto Carrowbeg, ambao ndio mpaka wa parokia, ikavuka daraja, na sisi tukaupiga wimbo upande wa pili, ndani ya shamba la ng'ombe, bibi harusi kashika gauni lake mkononi. Ng'ombe walisikiliza kwa adabu kuliko wageni.

Utani huo ungeendelea mpaka tufe sote, kama Doonavar isingeanza kuishiwa watu. Shule yao ya msingi ilifungwa mwaka 2019. Vijana walikwenda Dublin, wengine Sydney. Septemba iliyopita Doonavar walikuja kucheza kwetu wakiwa kumi na watatu badala ya kumi na watano, na golini alikaa tarishi wao, mtu wa miaka arobaini na sita. Walifungwa vibaya. Safari hii hakuna aliyezomea.

Januari, Jumapili moja baada ya misa, wanachama wa Doonavar walikutana kuamua kama klabu iungane na ya kwetu. Nilimpeleka Fintan kwa gari langu, nikasubiri nje, kwa kuwa mtu wa Kilbrannock hana haki ya kuingia kikao kama hicho. Ndani waliendelea kwa saa mbili. Alipotoka aliingia garini, akafunga mkanda, kisha akasema, "Nimeinua mkono, Enda. Nimekubali." Alikubali kwa sababu watoto tisa wa Doonavar anaowafundisha hawakuwa na timu ya kuchezea. Halafu alilia. Sioni aibu kuliandika hilo, kwa kuwa aya hii ameisoma na kuiacha ilivyo.

Klabu zilipoungana, watu wa kwetu, wasiojua pa kuishia, walianza kumkumbusha kiapo. Muuza nyama alimuuliza ni lini atalipa deni la wimbo. Bi. Durkan, kwa nia njema kabisa, aliniomba niuweke kwenye ratiba ya Ijumaa. Mdomo uliponza kichwa: maneno ya kijana wa miaka ishirini juu ya trela yalirudi kumdai mzee wa miaka sitini na miwili. Akiupiga wimbo Kilbrannock, amekiri kwa kinywa chake kwamba Doonavar imekufa. Asipoupiga, ataonekana ameondoka na kinyongo. Aliiweka mandolini kwenye sanduku lake, mazoezi ya bendi yakasimama, na mwezi wa nne aliniambia hatakuja kwenye sherehe yake mwenyewe. "Hiyo saa ya ukutani mliyoninunulia, nitumieni kwa posta," alisema. Nilijua hatanii, na niliumia, kwa sababu ndugu wa kuzaliwa sina, nina yeye tu.

Basi, Jumapili tarehe 11 Mei timu mpya ya watoto chini ya miaka kumi na minne ilicheza mechi yake ya kwanza kwenye uwanja wetu, dhidi ya parokia ya jirani. Jezi ni mpya, nusu kijani ya Doonavar, nusu nyekundu yetu, na kusema kweli haipendezi. Fintan alikuja akaenda moja kwa moja kwenye tuta la wageni, miguu ilikwishazoea. Watoto walicheza vizuri, wakafungwa kwa pointi nne. Sisi wa kaunti ya Mayo tumezoea, kufungwa kwenye siku kubwa hakutuzuii kula, kwa hiyo akina mama walianza kufungua mikate.

Hapo ndipo watoto walipokusanyika mbele ya goli na kuanza kuimba. Nahodha wao, Muireann Geraghty, mzaliwa wa Kilbrannock, ndiye aliyeanzisha, na ulikuwa wimbo ule. Watoto wa Doonavar walikuwa wamewafundisha wenzao ndani ya basi la shule, majira yote ya baridi, na hakuna mtu mzima aliyejua. Mikate ilibaki mikononi.

Fintan aliruka uzio akakata uwanja katikati. Mimi nilimkimbilia, nikidhani anakwenda kuwanyamazisha. Walipomwona, walisita. Muireann alishika pindo la jezi yake akamwambia, "Samahani, Mwalimu. Tulitaka tu uusikie."

Fintan aliwatazama, nusu kijani nusu nyekundu, wamelowa mvua hadi kwenye soksi.

"Mmeanza juu mno," alisema. "Mtakwama ubeti wa pili. Anzieni hapa."

Akawapa sauti, wakaanza upya, naye akaimba nao, beti zote nne, kwenye ardhi ya Kilbrannock. Kwenye ubeti wa tatu watoto walinigeukia wote pamoja wakaninyooshea vidole, na watu wangu mwenyewe, waliozaliwa parokia moja na mimi, waliimba kabichi kwa sauti kuliko wote.

Tulipokuwa tunakunywa chai nilimuuliza kwa upole kama sasa ndiyo Doonavar imekufa. Alinitazama kama anavyomtazama mtoto aliyesahau kulegeza nyuzi za upinde wa fidla.

"Niliapa kwamba mtausikia siku itakapokufa," alisema. "Kama mtauimba ninyi wenyewe, hilo sikuwahi kulisema."

Wimbo hauna mwenyewe, lakini una kwao. Siku ile uliongeza kwao nyingine. Jumatatu yake mandolini ilitoka kwenye sanduku. Saa ya ukutani haitatumwa kwa posta, ataipokea kwa mkono wake Ijumaa saa nane mchana, ukumbini, na baada ya hotuba ya Bi. Durkan, ambayo ameahidi itakuwa fupi, Gráinneog itaupiga wimbo ule na shule nzima itauimba. Mimi nitakuwa kwenye ngoma, ubeti wa tatu ukiwemo.

Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi wote, waliopita na waliopo, asante, Fintan. Asante kwa tuni, kwa uvumilivu, na kwa watoto waliojua kuendelea umeme ulipokatika. Ustaafu wako uwe na afya, kondoo wachache na nyuzi mpya. Na Jumapili ukija uwanjani, njoo usimame upande wetu. Tuta la wageni waachie wageni.