Eustadia wa Kigwa na Arusi ya Tura

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja jioni hii. Tunamkumbuka Bibi Eustadia wa Kigwa, aliyetutoka mwezi uliopita, Agosti 1957. Alikuwa mke wa Bwana Tobias, mrina asali. Alikuwa mpishi hodari. Na alikuwa na ugonjwa wa sukari.

Miaka mitatu iliyopita Eustadia alianza kukonda. Alikula akashiba, bado akakonda. Kiu haikumwisha, mtungi ulikauka kabla ya adhuhuri. Majirani wakanong'ona kwamba amelogwa. Tobias akampandisha treni, wakaenda hospitali Tabora.

Daktari aliwaeleza hivi. Tumboni mna kongosho. Kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo inayouwezesha mwili kuitumia sukari ya chakula. Eustadia hakuwa nayo tena. Sukari ilijaa kwenye damu, huku mwili wenyewe una njaa. Akaanza kuchoma sindano ya insulini kila siku. Akanenepa, akarudi jikoni kwake.

Lakini daktari alimwonya: ukichoma sindano, ule. Usipokula, sukari itashuka mno. Utatoka jasho, utatetemeka, utasema maneno yasiyoeleweka. Hapo lamba asali upesi.

"Nilishangaa," Tobias alituambia. "Mgonjwa wa sukari apewe asali! Lakini nimeiona kwa macho yangu ikimrudisha."

Eustadia hakutaka watu wajue. Alimwambia mumewe, "Wataogopa kula nilichopika." Tobias akanyamaza.

Ikaja arusi kijijini Tura. Rafiki yake, Mama Batuli, alikuwa anamwoza binti yake. Eustadia alichoma sindano alfajiri, akaingia jikoni. Treni ya bwana arusi ikachelewa. Wageni hawajafika, basi wapishi nao hawajala. Tobias alikuwa stesheni na wanaume wenzake.

Mchana Eustadia akaanza kuyumba. Akacheka peke yake. Akamwaga mchuzi.

"Nilidhani ameonja pombe," anasema Mama Batuli. "Nikamwonea aibu. Nikamlaza nyuma ya nyumba, nikamfunika kanga watu wasimwone. Nilidhani namtendea wema, bwana mtangazaji."

Treni ilipofika, Tobias alirudi akiuliza jambo moja tu: "Eustadia amekula?"

Hakuna aliyejua. Alimkuta hasikii, hawezi kumeza. Chupa ya asali ilikuwa kwenye kifurushi cha Eustadia, haijafunguliwa. Eustadia alifia ndani ya treni, kabla ya kufika Tabora.

Bwana Tobias, pole sana. Poleni wanawe na ndugu zake wote wa Kigwa. Nawe Mama Batuli, pole. Tobias ametuomba tukuambie kwamba hakulaumu wewe. Anajilaumu yeye, kwa kunyamaza.

Wasikilizaji wapendwa, pengine nyumbani kwenu yupo anayechoma sindano hii. Mshaurini awaambie jirani zake. Wakiuliza kama ugonjwa huu unaambukiza, wajibuni kwamba hauambukizi. Kisha pakueni chakula, mle naye sahani moja, jirani wakiwaona.