Pikipiki ya Fundi Rangi

Kijiwe chetu hakina mwenyekiti, lakini kina benchi, birika la kahawa na watu wasiokubali kushindwa. Leo asubuhi mada ilikuwa moja: jirani yetu Fundi Rangi kauza pikipiki, sasa anakwenda kazini kwa miguu na ndoo zake mkononi. Na jamaa anatabasamu! Breki, dereva mstaafu, na Waziri, mshona viatu asiye na wizara, hawakungoja hata kahawa ipoe.

BREKI: Mtu hauzi pikipiki akacheka. Huyo kaongeza mke.

WAZIRI: Mke wapi! Kakwangua ukuta wa tajiri, akakuta hazina. Pikipiki anatuzuga tu. Wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala.

MIMI: Hapo paka nani?

WAZIRI: Usiingilie methali za watu.

BREKI: Basi anagombea ubunge. Anatembea ili azoee kupungia watu.

Mara Fundi mwenyewe huyo. Hakukaa. Macho yake yalikuwa kwenye kona aliyotokea.

FUNDI: Nimewasikia tangu kule dukani. Nimemnunulia binti yangu kiti cha magurudumu. Cha saizi yake, si kile cha kuazima kilichokuwa kinamchubua mbavu.

BREKI: Pikipiki nzima, kiti kimoja?

FUNDI: Na cherehani ya mama yake ilishatangulia, ikalipia mazoezi ya viungo. Siku hizi hashoni tena, mikono yake inashinda ikimnyoosha mtoto miguu. Tunachoka, kaka. Kuna siku tunagombana kwa uchovu tu. Lakini leo binti anakwenda shule peke yake, mara ya kwanza. Kanikataza kumfuata.

WAZIRI: Sasa hapa unafanya nini?

FUNDI: Simfuati. Nimemtangulia.

Hatujamaliza kucheka, binti akakata kona. Kiti cha njano, rangi ya baba yake hiyo, mikono ya shati kaikunja, jasho linamtiririka. Akasimama mbele yetu.

BINTI: Shikamooni. Nipite wapi?

Tukatazama tulipokaa. Benchi letu limekaa juu ya zege la kuvukia mtaro, na kivuko kingine hakuna. Sisi wenye miguu tunaruka. Miaka yote Fundi aliruka na mtoto mgongoni, akitupa salamu, nasi tunaitikia tumekaa palepale.

Tukainuka, tukabeba benchi, kahawa ikamwagika yote. Fundi akanyoosha mkono asukume kiti. Binti akamtazama, na mkono ukarudi mfukoni. Akavuka mwenyewe, akanyoosha barabara bila kugeuka. Nilijaa fahari mpaka nikaona aibu, maana sikuchangia hata senti.

BREKI: Anaendesha vizuri.

FUNDI: Wangu huyo, jamani. Wangu!