Kidude cha Mzee na Milango ya Maduka

Kwenye basi, mama wa kiti cha mbele yangu alikuwa anamsema mumewe kwa abiria mwenzake, dereva wa lori.

"Amefunga kidude garini, eti kinanusa kamera za trafiki. Kikilia tu, anakanyaga breki!"

"Mama, kile ni kitu cha maana. Kimeniokoa mara nyingi." Alikisifia kama mtu anayemsifia mkwe.

"Wewe unakimbia, mwanangu. Yeye tangu anioe hajafika kilomita hamsini kwa saa! Na kinalia hata kwenye milango ya maduka inayojifungua yenyewe. Leo tumesimama mara nne, nikamwambia mimi napanda basi."

"Akakubali?"

Mama akageuka kuchungulia kioo cha nyuma. Gari dogo la bluu lilikuwa linatufuata.

"Yule nyuma yetu. Tumepita maduka makubwa matatu," alisema, sauti imelegea, "na hajasimama hata kwenye moja."

"Labda amekizima."

"Akizime? Hajui hata kinazimwaje."

Basi likasimama. Mama akashuka haraka na kulielekea gari la bluu, ingawa tikiti yake ilikuwa ya mwisho wa safari.