Funguo Mia Tatu na Kumi na Mbili za Fundi Meno

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu ili kumsindikiza mzee wetu, familia imemwomba binti yake, mtoto wake wa kwanza, awasomee maneno haya, naye ameyaandika kwa mkono wake mwenyewe, na anaomba mmvumilie pale sauti itakapomgomea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa mwashi na mke wake mfuma sweta. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, ambako aliadhibiwa mara moja tu, kwa kosa la kufungua kabati la mwalimu mkuu kwa waya wa daftari, na wiki iliyofuata mwalimu mkuu huyohuyo akamkabidhi funguo zote za shule azitunze. Alijiunga na chuo cha ufundi mwaka 1967, akahitimu mwishoni mwa 1969, akaajiriwa katika karakana ya vitasa hadi tarehe 3 Aprili 1978, alipofungua kibanda chake nyuma ya posta, chenye meza moja, tupa saba na mashine ya kuchonga funguo iliyopiga kelele kuliko ukubwa wake. Jina la Fundi Meno lilitokana na meno ya funguo, ingawa katika miaka yote ya kibanda kile hawakukosekana wageni waliofika wameshika shavu, naye aliwaelekeza zahanati kwa upole bila kuwacheka, mpaka wafike mbali.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji wa nguo za shule, baada ya kuwaweka wageni saa moja na robo, kwa kuwa alikuwa akimfungulia mpambaji wa bibi harusi aliyejifungia nje. Walijaliwa watoto watatu, binti mwaka 1977, na wavulana wawili, mwaka 1980 na 1984. Mama alizoea kusema kwamba mumewe amejua milango ya mtaa mzima isipokuwa wa kwake, maana ufunguo wa nyumbani aliupoteza kila mwezi, akabaki kubisha hodi kama mgeni.

Mama alifariki tarehe 2 Agosti 2012, na watoto tukiwa tumeshatawanyika kikazi, marehemu alibaki peke yake katika nyumba ya vyumba vinne, na kwa muda mrefu aliendelea kupika chakula cha watu wawili.

Ugonjwa ulianzia miguuni. Tangu mwaka 2010 miguu yake haikutulia kila alipokaa au kulala, akilalamika kwamba kuna kitu kinatambaa ndani ya mifupa, kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, na tarehe 19 Februari 2014 akaambiwa kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Vidonge alivyoanzishwa vilimsaidia kweli, miguu ikatulia, mkono ukaacha kutetemeka, akarudi kibandani akichonga kama zamani, na familia ikashukuru, wala haikufungua ile karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, ambayo binti yake alikuwa akiitupa pamoja na boksi lenyewe.

Mwezi Septemba 2016 dozi iliongezwa. Kuanzia hapo alipitiwa na usingizi wa ghafla mchana, mara moja akiwa ameshika tupa, na alipokuwa macho alichonga funguo, bila kuagizwa na mtu, saa sita na saba mfululizo, akisahau kula. Meno ya funguo mlizomletea kwa karibu miaka arobaini alikuwa ameyahifadhi kichwani, na kila ufunguo aliufungia kikaratasi chenye maandishi, kwa mfano “mwalimu wa hisabati, mlango wa nyuma.”

Tarehe 8 Aprili 2017 binti yake alizikuta funguo hizo ndani ya maboksi ya viatu chini ya kitanda, zikiwa mia tatu na kumi na mbili. Hakumuuliza baba yake. Aliwaita majirani sebuleni kwa baba yake, akamkabidhi kila mmoja wa kwake na kuwaomba radhi kwa niaba ya familia, akiamini anafanya haki, huku marehemu ameketi kwenye kiti chake, na kila mliponyoosha mkono alikutajieni, kwa uaminifu wake wa siku zote, ni wa mlango upi na huwa unakwama wapi. Mwalimu wa hisabati alimwambia, “Hata wewe, Fundi?”

Mlibadilisha vitasa wiki hiyohiyo, na hilo hatulilaumu, kwa kuwa watoto wake nao walibadilisha vya kwao, binti akiwa wa kwanza. Kibanda kilifungwa mwezi Mei. Watu walimsalimia wakiwa upande wa pili wa barabara, chai yake aliinywa akitazama mlango ambao haukubishwa, na sisi tulipiga simu siku za sikukuu.

Tarehe 21 Machi 2018 daktari mpya wa mishipa ya fahamu alimuuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, kama kuna jambo analolifanya tena na tena hata akitaka kuacha, naye akalia, akasema, “Mikono inataka, mimi sitaki.” Daktari alieleza kwamba dawa ile huwafanyia hivyo baadhi ya watu, na kwamba onyo hilo limeandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Dozi ilipunguzwa kidogo kidogo kwa miezi mitano, hamu ya kuchonga ikaisha kabisa, na kutetemeka kukarudi kwa nguvu, lakini marehemu alipoulizwa kama anataka kurudishiwa dozi alikataa, akisema afadhali atetemeke akiwa yeye.

Alimwomba binti yake jambo moja tu, apite nyumba zilezile awaeleze. Kila alipokuja alimuuliza, “Umewaambia?” naye akajibu, “Bado, baba,” kwa sababu aliona aibu, si ya baba yake, ni ya kwake mwenyewe, na hivyo ikapita miaka sita.

Marehemu alilazwa tarehe 2 Mei 2024 kwa nimonia, akafariki tarehe 11 Mei, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Kwa hiyo familia inasema mbele yenu nyote, kwamba Fundi Meno hakuwa mwizi. Hakufungua mlango wa mtu, hapakupotea hata kijiko mtaani kwenu, alikuwa mgonjwa aliyeponzwa na dawa, na sisi tulimhukumu kabla ya kumuuliza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyeuliza, mafundi wenzake wa karakana waliobeba jeneza, na ninyi majirani mliokuja leo mkiwa bado hamjajua haya. Mlikuja kumzika mtu mliyedhani aliwakosea, na hilo binti yake hajui atalilipaje.

Baba, pumzika kwa amani, na utusamehe kwamba ilibidi ufe ndipo tukutetee.